Diski Mbili za Mama Kamera

Akiingia kwenye ukumbi wa kupamba, hakutafuta mwanga wala soketi ya umeme. Alikwenda kwanza mlangoni. Aliutikisa aone kama unafunga sawasawa, akakagua mapazia ya madirisha moja moja, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya kukera, "Huyo wa muziki ni mwanamume au mwanamke?" Wakimjibu kwamba ni mwanamume ila amekaa nyuma ya pazia, aliwaambia pazia halijawahi kumpofua mtu. Kamera haikutoka mkobani mpaka mtu wa muziki ahamishiwe nje na spika zake zivutiwe waya mrefu. Wenye harusi walinuna, na wako waliomwita mchawi wa furaha za watu. Mwaka uliofuata, binti mwingine wa nyumba ile ile akiposwa, walimfuata yeye yeye.

Sote tulimwita Mama Kamera. Sina habari za kuzaliwa kwake na sitazitafuta sasa. Nilimjua akiwa mtu mzima tayari, mnene kiasi, mwenye magoti mabovu, akipiga video za harusi za wanawake kuanzia Ukunda mpaka Lunga Lunga. Kwa asiyejua mambo yetu, kupamba ni siku ya wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, na bibi harusi huketishwa juu akatazamwa na kuchezewa ngoma. Hata mama mkwe mwenye miaka sabini hucheza siku hiyo. Mwanamume asiye maharimu hana ruhusa ya kuyaona hayo, si kwa macho wala kwa picha, na kazi yote ya Mama Kamera ilisimama juu ya sharti hilo.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kompyuta pale Ukunda. Tajiri wetu alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, na kwenye kona ya mbele alimkodisha fundi wa simu meza moja. Mama Kamera alikuwa mteja wetu wa diski tupu. Aliingia akihema kwa jua, akashikilia kaunta, akangoja nimwamkie. Usipomwamkia hakununua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe zile za juzi. Zile za bei ya chini usiniletee tena, zimenikwama kwenye keki. Bibi harusi ameinua kisu, hakati, hashushi. Mama yake amenipigia simu analia kama kafiwa."

Kabla ya hapo kazi ya kuhariri aliwapa vijana wawili wa studio moja mjini. Alikaa nao chumbani tangu asubuhi mpaka jioni, akiwaamuru waangalie ukutani kila ilipopita sehemu ya kuchezwa ngoma. Fikiria mtu ahariri picha huku ameangalia ukutani. Video zile zilitoka zimekatwa vichwa, shangazi anaanza kucheza anamalizia mjomba akila pilau ya siku ya pili. Alistahimili miaka kadhaa, halafu siku moja akamkuta mmoja wao anatazama kwenye kioo cha kabati. Hakugombana naye. Alichukua kamera yake, akaja dukani kwetu, akaniambia anataka programu ya kuhariri mwenyewe, na mimi nimchagulie.

Masharti yake nayakumbuka kuliko ninavyokumbuka mahari yangu. Iwe ya kununuliwa mara moja. "Kama sufuria," alisema. "Sufuria nikishainunua hainiulizi kila mwezi nimepika nini." Iende kwenye laptopu yake iliyochakaa. Iweze kuchoma DVD yenye ukurasa wa mbele wa kuchagulia, mtu abonyeze Kupamba aone kupamba, abonyeze Nasaha aone nasaha. Isimwekee chapa yake juu ya uso wa bibi harusi. Na isitake intaneti.

Nilimletea ya kwanza, ya bure. Ilikuwa nzuri, ila iliandika jina lake katikati ya picha kwa maandishi ya kijivu, yakampita bibi harusi puani. Akaitazama, akasema rahisi inavunja upishi, akaniambia niifute. Ya pili ilikuwa ya kulipia kila mwezi, hata hakutaka kuiona. Ya tatu ilikuwa ile kubwa wanayotumia studio za Nairobi, iliyovunjwa kufuli, ambayo duka letu liliuza kwa bei ya soda mbili. Nilidhani atafurahi.

"Hii ya wizi?"

"Si wizi hasa, Mama. Kila mtu anatumia."

"Binti wa watu ameolewa kwa halali, mashahidi wamekaa, fatiha imesomwa. Mimi nimtie ndani ya kitu cha wizi? Rudisha, mwanangu."

Nilimcheka alipotoka. Fundi wa simu alicheka zaidi yangu. Yeye alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso, na simu za watu alizokuwa akitengeneza alizipekua zote, jambo ambalo sote tulilijua na hatukulisema.

Ya nne ndiyo aliyoichukua. Ilikuwa ya bei nafuu ya kweli, ya kununuliwa mara moja, inahariri na kuchoma diski, na maua yake ya ukurasa wa mbele na ya kupamba pembe za picha alipoyaona alisahau magoti. Tatizo ni kwamba ilitaka kusajiliwa kwa baruapepe, naye hakuwa nayo. Nikaisajili kwa ile ya duka. Kisha yakaja yale maandishi marefu ya Kiingereza ambayo kila programu huyaleta, na chini yake visanduku vya kukubali. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi alasiri, koo limenikauka, na nyumbani nilikuwa sijaweka hata maji ya uji. Nilibonyeza ndiyo, ndiyo, endelea.

Aliniuliza, "Umeyasoma yote hayo?"

Nikamwambia, "Nimeyasoma, Mama."

"Hayana kitu?"

"Hayana kitu. Inataka mtandao leo tu, siku ya kusajili."

Aliniamini kwa sababu mimi nilisoma mpaka chuo na yeye Kiingereza chake kilikuwa cha hotelini, cha kuuliza mgeni anataka chai au kahawa. Nimeshasema uongo mwingi maishani, kwa mume, kwa wanaodai kodi, kwa mama yangu mgonjwa. Huo wa alasiri ile ndio pekee ninaouchukia.

Nisije nikamfanya malaika, maana hakuwa. Alikuwa na ulimi mchafu. Akihariri harusi ya watu alikuwa anaihukumu mwanzo mpaka mwisho, peke yake chumbani: huyu anacheza kama anakanyaga siafu, huyu dhahabu ni ya kuazima, angalieni anavyoishikilia. Niliwahi kwenda kwake Mwabungo kumwekea kichapishi nikamkuta anacheka mpaka machozi. Nilipochungulia nione anachocheka alifunga laptopu kwa kishindo. Alinikatalia mimi, mwanamke mwenzake. Nikamwambia mbona yeye anawasema. Akajibu, "Mimi ni mwosha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye haendi nayo sokoni."

Alikuwa bahili wa sifa, na watoto wenye kupita mbele ya kamera aliwafinya kwelikweli. Tena mtu huyu aliyepiga sura za wanawake wa kusini kote hakuwa na picha yake hata moja. Niliwahi kumlenga kwa simu kwa utani, akanigeuzia mgongo na hakusema nami siku nzima.

Na kwa kila harusi diski zake zilikuwa mbili tu. Simu za kisasa zilikuja, flashi zikaja, watu wakamwomba awatumie harusi kwenye simu zao, akakataa. "Diski haina miguu," alisema. "Mama ataifungia kabatini na kanga zake. Hiyo ya simu ikishatoka, utaikimbiza mpaka Taru na hutaipata." Basi moja ilikuwa ya bibi harusi na moja ya mama yake. Siku ya kukabidhi alifika na laptopu mkononi, akamkalisha mama wa bibi harusi na mashahidi wawili wa kike, akafuta kila kitu mbele yao, kwenye kadi ya kamera na kwenye kompyuta, akawaonyesha folda tupu. Ndipo akapokea chai. Wanawake walimsifia jambo hilo kuliko hata picha zenyewe.

Kile alichokuwa hakijui, na mimi nilikuwa sikijui kwa kuwa sikusoma, ni kwamba programu ile ilikubaliwa kuweka nakala ya kila kazi mtandaoni, kwenye akaunti iliyoisajili, yaani ya duka. Kwake Mwabungo hapakuwa na mtandao. Lakini kila alipokuja kununua diski alikuja na laptopu tumpimie kama diski zinasoma, na laptopu ikiufahamu mtandao wa dukani ikajiunga yenyewe. Alipokuwa akinisimulia habari za magoti, harusi za watu zilikuwa zinapanda huko, na zikishuka kwenye kompyuta yetu ya kona, ile ambayo fundi wa simu alikuwa akitumia kuwawekea watu nyimbo.

Niliiona mara ya kwanza saluni, kwenye simu ya mwanamke aliyekaa kando yangu akisukwa. Ilikuwa dakika moja hivi. Binti wa Msambweni, niliyemfahamu kwa sura, anacheza mbele ya mama zake, nywele zimefumuliwa, kanga imefungwa kifuani. Anacheka. Chini kwenye pembe yalikuwepo maua yale ya programu niliyoichagua mimi. Mwenye simu alisema, "Haya, binti wa ustadhi huyo," na wengine wakacheka.

Nilikwenda dukani na nywele nusu. Nikaifungua kompyuta ya kona, nikaikuta folda, na ndani yake harusi zote alizozifuta mbele ya mashahidi. Zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja na jina la bibi harusi. Fundi wa simu aliniona, akageuza uso. Baadaye aliapa kwamba aliituma kwa rafiki mmoja tu. Tajiri wetu alipoelewa alishika kichwa. "Sista, hii story ikitoka tumeisha. Futa yote, na usiongee na mtu. Huyo fundi namtoa leo leo." Alimtoa kweli. Na mimi nikafuta. Nilijiambia nawalinda wale wengine, na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba nafuta alama za vidole vyangu.

Mume wa binti yule alikuwa akifanya kazi hotelini Diani. Wenzake walimwonyesha yeye mwenyewe, jikoni, bila kujua ni nani wanayemwonyesha. Jioni alimrudisha mke kwao Msambweni. Hakumpa talaka siku ile. Alisema kitu kimoja tu: anataka kujua nani aliyeitoa. Diski zilikuwa mbili, moja ya mama na moja ya binti, na Mama Kamera alishafuta ya kwake watu wakiona. Kwa hesabu ya wakwe, basi, mama hawezi kumwanika mwanawe, ni binti mwenyewe aliyeitoa, kwa mwanamume anayemjua.

Siku ya pili nilikwenda Mwabungo. Nasema wazi kwamba nilikwenda kueleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilipofika nilikuta viatu vimejaa kizingitini, na ndani mama wa binti amekaa na wanawake wa upande wa mume, na Mama Kamera amesimama mbele yao, hakupewa kiti katika nyumba yake.

"Imetoka kwangu," alikuwa akisema. "Sijui ilivyotoka, lakini mkono ulioishika ni wangu. Mtoto muacheni."

Shangazi wa mume akamjibu, "Mama Kamera, sisi tulikuwepo ulipofuta. Tumeona kwa macho yetu. Unamfunika tu mtoto wa watu, Mungu akulipe, lakini unamfunika."

Uaminifu wake ndio uliomnyima kuaminiwa. Mama wa binti akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, macho yamevimba, na aliniuliza kwa adabu kabisa: "Na wewe mwanangu wa kompyuta, wewe ndiye msomi. Yawezekana kitu kama hiki kutoka pasi na mtu kukitoa?"

Mbele yangu palikuwa na neno moja la kusema. Niliiona kazi yangu ikiondoka nalo, na duka, na jina langu katika vinywa vya wanawake wale wote.

Nikasema, "Sijui, Mama. Mambo ya kompyuta ni mengi."

Hakuna aliyenilaumu. Nilipewa hata maji ya kunywa. Wiki ile talaka ilifika.

Mama Kamera alikosa harusi. Hawakumtukana. Walisema tu kwamba safari hii wameshapata mtu, au binti hataki video. Wenye kumsifia kwa kufunga mlango sasa walimwona kama nyumba iliyowahi kuingia mwizi. Alikaa mwaka mmoja akizipangusa lenzi zake, kisha akahamia Majoreni kwa dada yake.

Na mimi? Mimi nimefanikiwa. Sasa nina ofisi yangu Diani. Nawapiga video watalii wanaooana peku mchangani, ndege ndogo ya kamera ikizunguka juu yao kama mbu. Nawapiga na wanawake wetu. Nimejifunza kutikisa mlango na kukagua mapazia, simu za wageni nazikusanya kwenye kapu, na wateja wangu husema hawajaona mtu mwaminifu kama mimi.

Miezi michache iliyopita kazi ilinipeleka Vanga, na nikirudi niliingia Majoreni. Wala sikuwa nimepanga. Niliambiwa yuko nyumba ya pili baada ya msikiti, anashona sare za shule. Nilibisha hodi, akaitika bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Amekonda.

"Shikamoo, Mama."

Alinitambua kwa sauti. "Marahaba. Wewe wa kompyuta. Karibu ukae, sukuma hizo kaptura."

Nilikaa, nikasema yote. Baruapepe ya duka, visanduku, folda, fundi, na swali la mama yule na jibu langu. Nilisema mbio mbio kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Nikamwomba radhi. Nikamshika na mguu.

Aliuondoa mguu wake taratibu. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe ndiye wa kwanza, Mama."

"Basi umebisha nyumba siyo. Mimi simo ndani ya ile video."

Alikata uzi kwa meno, akaiweka sare juu ya nyingine. "Yule binti yuko kwao mpaka leo. Kila posa ikija, anatokea mtu kuikumbusha. Na sasa imekuja nyingine, mtu wa Gazi, amefiwa na mke, ana heshima zake. Watu wake wanaulizia. Jumapili wanakwenda Msambweni kutoa jibu. Mama yake alinipigia simu mimi, akaniuliza tena kama nimekumbuka lolote." Alinyanyuka kwa tabu, akishikilia meza, akalitoa buibui lake msumarini akalivaa, akatafuta ushungi. "Twende. Gari unalo. Ukaseme kwao ulivyosema hapa, hivyo hivyo, na hao watu wa Gazi wasikie."

Niliangalia saa. Jioni ile kweli nilikuwa na wateja Diani, sikusema uongo. Lakini nilichokiona mbele yangu hakikuwa wateja wa jioni. Niliona wanawake wote ninaowafungia mlango, wakijua.

"Leo watu wananingoja, Mama. Jumamosi nitakuja asubuhi, nikuchukue, twende pamoja kabla hao wageni hawajafika."

"Haya," akasema. "Jumamosi."

Nilipogeuka mlangoni nilimwona ameketi tena kwenye cherehani, na buibui mwilini. Hakulivua.

Jumamosi sikwenda. Simu yake iliita asubuhi, ikaita adhuhuri, nikaiacha ilie. Jumatatu mteja mmoja alinihadithia, kama umbea mwingine wowote, kwamba kuna nyumba Msambweni walipika na kutandika mikeka wakingoja wageni wa posa mpaka Maghribi, na wageni hawakutokea. Nikamwambia maskini, pole yao. Kisha nikamuuliza video yake anaitaka kwenye flashi au nimtumie kwenye simu.